Dimbwi la dizeli kila asubuhi, lori limelala siku 19, na bado linavuja

SWALI

Mshauri, habari za kazi.

Nina lori moja, kichwa na tela lake, linalobeba mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Ni la mtumba, injini ya silinda sita ya komoni reli (mfumo unaopeleka dizeli kwenye nozeli kwa presha kubwa), tangi moja la alumini la lita 600 upande wa kushoto. Huu mwezi wa nne linavuja dizeli. Likilala na tangi limejaa, asubuhi chini ya tangi kuna dimbwi la ukubwa wa sinia. Likilala na mafuta machache, chini pakavu. Juu ya hilo linakohoa na kukosa nguvu milimani, hasa Kitonga, na dereva anasema huwa ni tangi likishakaribia nusu. Siku nyingine asubuhi haliwaki mpaka apampu kwa mkono.

Gereji walibadilisha sili za nozeli, kisha mipira yote ya dizeli, mwisho wakasema ni pampu. Lori likalala siku 19: siku 4 za kutafuta tatizo, siku 9 za kusubiri pampu, siku 3 foleni kwa fundi wa pampu, siku 3 za kufunga. Limetoka, na dimbwi liko palepale. Sasa fundi anataka kulichomelea tangi likiwa hapohapo kwenye gari, anasema mafuta yatamwagwa yote kwa hiyo hakuna hatari.

Tena safari ya kwenda na kurudi inakula lita 70 zaidi ya mwaka jana. Shemeji yangu anasema dereva ananyonya mafuta. Dereva huyu yuko nasi mwaka wa sita, na naona vibaya kumtuhumu.

Rejesho la benki ni shilingi 3,600,000 kwa mwezi, dereva 450,000, utingo 200,000, yadi 5,000 kwa usiku, bima kubwa 3,650,000 kwa mwaka. Likilala tena hivi sitaweza. Nianzie wapi?

Mama wa lori moja, Mbagala

JIBU

Mama, pole sana. Kabla ya yote mpigie fundi leo umwambie asiguse tangi hilo na moto. Tangi lililomwagwa mafuta ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu dizeli iliyobaki kwenye kona na mishono hugeuka mvuke pindi chuma kinapopata joto, na mvuke huo ukichanganyika na hewa iliyojaa mle ndani unalipuka. Mafundi wamekufa kwa kazi ya namna hii. Nitarudi kwenye namna sahihi ya kuliziba.

Barua yako ina majibu mengi kuliko kazi yote iliyofanyika gereji. Umesema mambo mawili ambayo hayatokani na sehemu moja, na nadhani hapo ndipo mafundi walipopotea: walitafuta tatizo moja, kumbe yako mawili.

La kwanza ni dimbwi. Linatokea tangi likijaa, halitokei likipungua. Injini imezimwa, hakuna presha yoyote, kwa hiyo kinachosukuma mafuta nje ni uzito wake yenyewe. Maana yake tundu liko kwenye tangi, juu kidogo ya usawa wa mafuta machache. Nozeli na pampu haziwezi kufanya hivyo. Mahali pa kushuku kwanza ni chini ya mikanda inayolishika tangi. Kati ya mkanda na alumini huwa kuna ukanda wa mpira. Mpira ukichakaa, mchanga wa barabarani unaingia, na kila mtikisiko unausaga mchanga huo juu ya alumini kama msasa. Baada ya muda panatokea mstari uliong'aa, halafu ufa mwembamba kama unywele ambao huuoni kwa sababu mkanda umeufunika.

Kuthibitisha hakuna gharama. Lioshe tangi lote na sehemu yote ya chesisi iliyo karibu kwa sabuni ya kuondoa grisi, likauke kabisa, kisha lipakwe poda ya mtoto ya kawaida, pande zote, hasa kandokando ya mikanda. Lijazwe, liegeshwe mahali tambarare. Baada ya saa moja au mbili poda itakuwa na mchirizi wa kijivu. Usitazame unapoishia, tazama unapoanzia juu, kwa sababu dizeli hutambaa chini na nyuma na kudondoka mbali na ilipotokea. Kama mchirizi unatoka chini ya mkanda, umelipata. Ukitaka kuwa na hakika zaidi, siku lori likiwa limeegeshwa na linadondosha, punguza mafuta kidogo kidogo mpaka matone yakome, kisha ingiza kijiti safi ndani ya tangi upime kimo cha mafuta. Kimo hicho ndicho kimo cha tundu.

La pili ni kukohoa tangi likikaribia nusu. Hili ni la hewa. Upande wa kunyonya, yaani kutoka tangini hadi kwenye pampu ya kuvuta, hauvuji kwa nje injini ikiwa inafanya kazi, bali unavuta hewa kuingia ndani. Ndiyo maana chini panakuwa pakavu huku gari linakosa nguvu, na asubuhi mafuta yamesharudi tangini, mtu anapampu kwa mkono. Ila hewa inayoingia kwenye mpira au kwenye kiungo cha nje haijali tangi lina kiasi gani. Hii yako inajali. Basi tazama bomba la kunyonya lililomo ndani ya tangi, lile linaloshuka kutoka kwenye mfuniko wake hadi karibu na sakafu. Likiwa na ufa katikati, mafuta yakiwa juu ya ufa linanyonya mafuta; mafuta yakishuka chini ya ufa linanyonya hewa. Kitonga, gari limeinama nyuma na injini inadai mafuta mengi, ndipo linapokohoa.

Kuna jaribio la nusu saa ambalo lingekuokolea siku zile za kusubiri pampu. Chukua dumu safi la lita 20 lenye dizeli, lifunge imara mbali na ekzosi, gari likiwa limeegeshwa. Vuta mafuta kwenye dumu kwa mpira mpya wa dizeli moja kwa moja hadi kwenye chujio la maji, yaani lile linalotenga maji na dizeli, na mpira wa kurudisha nao uelekezwe kwenye dumu hilohilo, la sivyo litaisha haraka. Toa hewa kwa pampu ya mkono, washa, panda hadi mizunguko 1,500. Kipande cha mpira unaopenya mwanga, kikiwekwa kabla ya pampu, kitakuonyesha mapovu kama yapo. Likitulia kwenye dumu na likasumbua kwenye tangi, ubaya uko tangini au kwenye bomba lake. Likisumbua hata kwenye dumu, ndipo uangalie chujio, viungo vyake na pampu.

Sasa kulitengeneza. Kwa kuwa tangi litashushwa kwa ajili ya tundu, bomba la ndani litolewe siku hiyohiyo. Usilipe kazi ya kushusha mara mbili. Tangi la alumini halichomelewi kwa mashine ya kawaida ya geti. Linahitaji fundi wa agoni, yaani anayechomelea alumini kwa mashine ya gesi ya agoni. Kabla hajawasha, lioshwe kwa mvuke au maji ya moto yenye sabuni mpaka harufu iishe, mifuniko yote iwe wazi, na lijazwe maji hadi chini kidogo ya sehemu inayochomelewa ili nafasi ya hewa iwe ndogo kabisa. Fundi akikwambia hatua hizi ni za woga, ondoka na tangi lako. Kama mkanda umelisaga sehemu zaidi ya mbili, mimi ningetafuta tangi jingine la mtumba zima badala ya kubandika viraka. Likirudi, weka mpira mpya unaohimili dizeli kwa upana wote wa mkanda, kaza mpaka tangi lisicheze ukilisukuma kwa mikono miwili, na kaza tena baada ya kilomita 500 hivi, kwa sababu mpira mpya hujikandamiza.

Wakati unasubiri nafasi ya fundi, usijaze zaidi ya kimo cha tundu ulichopima. Tundu dogo la njiani linazibwa kwa sabuni ya mche: futa pakauke, kata kipande, kisugue kwa nguvu juu ya ufa mpaka kijaze kama nta. Dizeli haiyeyushi sabuni kwa haraka, na kitakufikisha mjini. Maji ya mvua yataiondoa, kwa hiyo ni ya siku hiyo tu. Gundi ya epoksi ya kukanda kwa mkono hukaa zaidi, ila inashika mahali palipokwanguliwa kwa msasa na kukauka, haishiki palipolowa. Silikoni ya gasketi usiweke. Dizeli inailegeza, na vipande vyake vinaishia kwenye chujio.

Kuhusu mipira waliyobadilisha, ihakiki, kwa sababu mpira mpya si lazima uwe mpira sahihi. Uliotengenezwa kwa maji ya rejeta unavimba ukikutana na dizeli, unalainika, na klampu inaukata. Mpira wa dizeli huandikwa ubavuni kwamba ni wa mafuta. Uingie kwenye bomba sentimita 2.5 hadi 3, na klampu ikae nyuma ya kile kinundu cha bomba, si juu yake. Kwenye boliti za banjo, zile zenye tundu ndani la kupitisha mafuta, washa za shaba hubadilishwa kila zinapofunguliwa, mbili kwa kila boliti, moja juu na moja chini. Washa ya shaba huziba kwa kukandamizwa, na ikishakandamizwa mara moja imekuwa ngumu. Fundi akiikaza ya zamani kwa nguvu ili isivuje, anaweza kupasua boliti. Tepu nyeupe ya mabomba ya maji nayo haina kazi hapo: kiungo hiki kinaziba usoni, si kwenye nyuzi, na nyuzinyuzi za tepu huingia kwenye pampu.

Upande wa presha nakuomba uwaonye dereva na utingo. Kwenye komoni reli presha hufika baa 1,600 na kuzidi. Mafuta yanayotoka kwenye ufa wa bomba hilo ni kama sindano isiyoonekana, yanapenya glavu na ngozi. Kidonda kinaonekana kidogo kama kuumwa na mdudu, huku ndani nyama inaoza. Mtu aende hospitali saa hiyohiyo na aseme wazi kwamba ni dizeli ya presha imeingia mwilini. Hapatafutwi kwa kidole, hutumika kipande cha boksi kilichoshikwa kwa mbali. Hakikazwi kitu injini ikiwa inaunguruma, na baada ya kuzima wasubiri angalau dakika 10 kabla ya kulegeza nati. Klampu ndogo zinazoshika mabomba hayo zirudishwe zote. Fundi akiacha hata moja, bomba linatetemeka na kukatika shingoni, na mafuta yanarukia turbo ya moto. Malori huungua namna hiyo.

Tuje kwenye lita 70 na dereva wako. Usimtuhumu mpaka upime. Weka kopo chini ya matone kwa dakika 10, vuta kilichomo kwa sirinji ya mililita 20 ya duka la dawa, zidisha mara 144 upate kiasi cha siku nzima. Mililita 15 kwa dakika 10 ni kama lita 2.2 kwa saa 24. Kwa safari ya siku 6 hiyo ni lita 13. Pima hivyo injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inaunguruma, kwa sababu kiungo cha bomba la kurudisha mafuta kinaweza kuwa kikavu usiku na kumwaga mchana.

Zipo njia nyingine mbili za mafuta kupotea bila mwizi. Moja ni kujaza hadi shingoni. Dizeli huvimba kwa joto: lita 600 zikipanda nyuzi 20, tuseme umejaza Makambako asubuhi ya baridi ukashuka hadi joto la Ruaha Mbuyuni mchana, zinaongezeka karibu lita 10, na zitatoka kwenye mfuniko. Acha nafasi ya lita 30. Angalia pia sili ya mfuniko na tundu lake la kupumulia, maana likiziba tangi linavuta ombwe na gari linakosa nguvu vilevile.

Nyingine ni mbaya zaidi: dizeli kuingia kwenye oili ya injini, kupitia sili ya shafti ya pampu au sili za nozeli. Hizo zote zimeguswa juzi, kwa hiyo anza leo. Dereva avute stiki ya oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa tambarare, na akuandikie. Oili inapungua, haiongezeki. Ikiwa inapanda na inanuka dizeli, lori lisiondoke hata kilomita moja. Oili iliyochanganyika na dizeli haibebi beringi za injini, na hapo tutakuwa tunazungumzia kufungua injini nzima.

Ukishaziba yote hayo, jaza kwenye kituo kilekile, pampu ileile, hadi alama ileile, kwa safari mbili, mzigo wa uzito unaokaribiana. Kama lita 70 zimerudi, umekaa na dereva wako mwaka wa saba kwa amani. Kama hazijarudi, utakuwa na namba mkononi, na mazungumzo yatakuwa ya namba. Zungumza naye wewe mwenyewe, shemeji asiwepo.

Sasa siku 19. Kwa hesabu zako, rejesho na mishahara ni 4,250,000 kwa mwezi, yaani kama 141,700 kwa siku. Ongeza yadi 5,000 na bima 10,000. Lori likilala siku moja limekula karibu shilingi 157,000 kabla hujahesabu faida uliyokosa. Siku 19 ni karibu milioni 3. Namba hiyo iandike ukutani, kwa sababu inabadilisha maamuzi: spea inayouzwa 200,000 zaidi lakini ipo leo ni nafuu kuliko ile ya bei ndogo inayofika baada ya siku 9.

Katika siku hizo 19, mikono ya mafundi ilikuwa kwenye gari siku chache tu. Kilichokula muda ni kufungua kabla spea haijapatikana. Agiza hivi safari ijayo: fundi apime, aandike kwenye karatasi tatizo, ushahidi alioupata, na orodha ya spea pamoja na namba zilizochongwa kwenye spea ya zamani au zinazotokana na namba ya chesisi. Spea zikiwa zote mezani, na fundi wa pampu au wa agoni amekupa siku, ndipo gari liingie. Kama linaweza kutembea salama, liendelee na kazi fupi hadi siku hiyo. Hili la tangi, likipangwa hivyo, ni siku 2 au 3.

Malipo yagawe. Pesa ya spea kwa risiti, nusu ya ufundi kazi ikianza, nusu iliyobaki baada ya majaribio. Spea zilizotolewa zirudi kwako kwenye ndoo, hata washa.

Benki uwaone kabla ya tarehe ya rejesho, si baada. Nenda na karatasi ya gereji yenye tarehe, omba kusogezewa rejesho au kulipa sehemu, na majibu yao yawe ya maandishi. Bima kubwa usiitegemee, kwa kawaida hailipi uchakavu na kuharibika kwa mashine. Mwenye mzigo naye ajulishwe siku ileile. Tafuta mapema wenye malori wawili watatu mnaoaminiana, mkubaliane kamisheni, ili lako likilala mzigo uende na mwenzako na mteja abaki wako. Dereva na utingo usiwaache bila kitu. Walipe posho ya kusimamia gereji, na siku hizohizo wapige grisi, wakague breki na propela shafti, mambo ambayo yangelilaza lori siku nyingine.

Garini kuwe na boksi lenye washa za shaba za milimita 10, 12, 14 na 16, kila saizi 10, mpira wa dizeli wa milimita 8 na wa 10, mita 2 kila mmoja, klampu 10, chujio la maji 2 na filta kubwa 1 pamoja na oringi zake, sili ya mfuniko wa tangi, epoksi, mche wa sabuni, matambara safi, na mtungi wa poda wa kuzimia moto wa kilo 9 ambao tarehe yake haijapita. Wakibadilisha filta wahakikishe sili ya zamani haikubaki imeganda juu. Sili mbili zikikutana, zitavuja.

Siku ya kulipokea lori, injini iungurume nusu saa mpaka ipate moto, mbele yako. Liende na mzigo hadi penye mlima wowote wa karibu na lirudi, tangi likiwa chini ya nusu, kwa sababu ndipo lilipokuwa linasumbua. Kisha ulijaze hadi lita 570, utandaze maboksi makavu chini ya tangi na chini ya injini, lilale. Asubuhi nenda mwenyewe na tochi. Boksi likiwa kavu na stiki ya oili haijapanda, malizia malipo ya fundi. Likiwa na doa hata la ukubwa wa sarafu, lizungushie kalamu, lipige picha, umwite aje alione kabla hujalipa.